Jifunze Kwanza Kukifunga

Soja wa langoni alikitoa kwenye mkoba wangu wa kazi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Na hiki? Hiki ni cha nini?"

Ilikuwa asubuhi, nje ya ploti moja ya ghorofa saba huko Pipeline. Nilikuwa nimekuja kuunganisha intaneti kwa mteja wa orofa ya tano. Mkobani mlikuwa na kebo, koleo, bisibisi tatu, nusu mkate, na kisu cha kukunja. Koleo linaweza kumvunja mtu kidole. Bisibisi inaweza kumtoa mtu jicho. Hivyo vyote alivipita bila neno. Kisu ndicho kilichomsimamisha.

"Ni cha kazi," nikamwambia.

"Kazi gani?"

Nikamwonyesha: hapa nakata kebo, hapa nachuna ganda lake, hapa nafungua katoni. Akakirudisha mkobani, akaniandikisha kwenye kitabu, nikapanda ngazi. Lakini swali lake nilipanda nalo. Kwa sababu miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa na kisu kingine, hicho nikikibeba mfukoni, na kama mtu angeniuliza ni cha nini, ningemjibu vilevile: cha kazi. Na ningekuwa nasema uongo.

Wasee wa rika langu wakiniuliza wanunue kisu gani cha kutembea nacho kila siku, huwa wanataka jibu la dukani. Bei ngapi, chuma gani, urefu gani. Hayo nitayasema hapa, kwa sababu yana maana na watu wengi huyakosea. Lakini nimeshanunua kisu vibaya, na ubaya wenyewe haukuwa kwenye bei.

*

Nilinunua kisu cha kwanza wiki moja baada ya kupigwa ngeta. Kama hujawahi kupigwa ngeta, nikueleze: mkono unatoka nyuma, unakuzunguka shingo, na dunia inakuwa ndogo kama tundu la sindano. Walikuwa wawili. Walichukua simu na shilingi 1,200. Kilichoniuma si simu. Kilichoniuma ni jinsi nilivyowasaidia. Waliniuliza namba ya siri ya simu nikawatajia haraka, kwa sauti ya adabu, kama mwanafunzi anayejibu mwalimu. Nilipolala usiku ule nilikuwa naisikia ile sauti yangu ikitaja tarakimu nne.

Jumamosi nikashuka River Road. Muuzaji alikuwa na meza ndogo: tochi, kufuli, mikasi, na visu vimepangwa juu ya kitambaa chekundu. Nilimwambia nataka kisu. Hakuniuliza cha nini. Aliniangalia usoni, nadhani akaona kila kitu, akachukua kimoja cheusi chenye mchoro wa fuvu kwenye mpini. Akabonyeza kitufe. Ubapa ukaruka nje kwa springi: chak!

"Hii ni ya jeshi, buda. Elfu moja. Lakini wewe nipe mia nane."

Nikakichukua kwa mia sita. Ukinipeleka leo mbele ya meza ile, naweza kukuorodheshea niliyopaswa kuangalia na sikuangalia. Sikutikisa ubapa kuona kama unacheza kwenye ekseli yake. Sikuuliza ni chuma gani. Sikukijaribu kwenye kamba wala karatasi. Sikukifunga hata mara moja. Nilinunua ile sauti. Chak. Nilidhani nikiwa na sauti ile mfukoni, ile sauti yangu nyingine, ya kutaja tarakimu nne, itanyamaza.

Kwa miezi miwili hakikukata kitu. Nyumbani nilikuwa na kisu cha jikoni cha kukatia sukumawiki, na ofisini walitupa vikwangua vya kebo. Kile cheusi kilikaa mfukoni tu, kikinigusa paja kila nikipiga hatua. Siku hizi nina kipimo kimoja ninachokiamini: kisu ambacho hakijawahi kukata hata kitunguu kina kazi moja tu iliyobaki. Na mwenyewe anaijua kazi hiyo, hata kama hajaitamka.

*

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua, na stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima. Nilishuka matatu saa tatu usiku. Nauli ilikuwa fifty, nami nilikuwa nimetoa soo. Makanga alikuwa ameniambia ningoje chenji, lakini nilikuwa nimechoka, nikawa nimesahau, nikashuka nikashika njia.

Hatua kama mia hivi kutoka stejini nikasikia viatu nyuma yangu. Vinakimbia. Vinapiga maji.

"Boss! Boss!"

Mkaaji wa Nairobi anajua kwamba neno hilo halimaanishi chochote. Anayekuuzia soksi anakuita boss, anayekuibia pia anakuita boss. Nikageuka. Sikumbuki kuingiza mkono mfukoni. Nakumbuka sauti: chak.

Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, labda ishirini. Tochi ya simu yake ilikuwa inamulika chini, kwa hiyo mwanga ulipanda kutoka miguuni. Mkono wake mwingine ulikuwa umenyooshwa mbele, na kwenye vidole kulikuwa na noti ya shilingi hamsini.

"Ni chenji yako, boss," akasema. "Ni chenji tu."

Hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akiangalia ubapa. Akainua mikono yote miwili juu, noti ikiwa bado vidoleni, simu ikimulika mvua. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza kulifikiria. Akainama polepole, macho yake hayatoki kwenye kisu, akaiweka noti kwenye ukingo wa lami. Akatafuta jiwe kwa mkono. Akaliweka juu ya noti ili upepo usiichukue. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka karibu na taa za matatu, ndipo akageuka akakimbia.

Jiwe lile. Mtu aliyetolewa kisu kwa sababu ya kurudisha pesa isiyo yake, na bado akahakikisha pesa hiyo haipotei.

Nikabaki peke yangu barabarani na kisu wazi mkononi. Nikajaribu kukifunga. Kile kisu kilikuwa na loki ya bamba jembamba la chuma ndani ya mpini. Ili kukifunga, lazima ulisukume bamba pembeni kwa kidole gumba huku ukirudisha ubapa, na kwa muda mfupi kidole chako kiko njiani mwa makali. Mchana, ukiwa umekaa kwenye kochi, inawezekana. Gizani, mikono inatetemeka na imelowa, haikuwezekana. Nilijaribu mara tatu, nne. Basi nikatembea hivyo, kisu wazi nimekificha chini ya jaketi. Mama mboga aliyekuwa akifunga kibanda chake kwa mwanga wa koroboi aliona kitu kiking'aa. Hakusema neno. Alimvuta mtoto wake upande wa pili.

Nyumbani nikakisukumia kwenye ukingo wa meza ili kifungike. Loki ikaachia ghafla. Kovu ninalo hapa kwenye kidole gumba, refu kama punje ya mchele.

*

Hakuna aliyeumia ila mimi. Hivyo ndivyo nilivyojifariji wiki nzima. Kama hakuna aliyeumia, kosa liko wapi?

Nilikwenda hata kutafuta sheria inasemaje. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inamhusu mtu anayepatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba ana nia ya kutenda kosa kubwa. Neno lililonikamata ni mazingira. Waingereza katika sheria yao ya mwaka 1988 waliamua kupima kwa rula: kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62, unaruhusiwa kutembea nacho bila kujieleza, na mahakama zao zikaongeza kwamba kikiwa na loki hakihesabiki humo. Kifungu chetu hakina rula. Kinataka kujua uko wapi, saa ngapi, unafanya nini. Kisu kimoja kwenye mkoba wa fundi ni kifaa, na kwenye mfuko wa mtu mwenye hofu usiku kinaanza kuwa kitu kingine, hata kabla hakijatoka.

Lakini sheria ingeniuliza nilinuia nini, na jibu langu la kweli ni kwamba sikunuia kitu. Mkono ulifika kabla ya nia. Hapo ndipo nilipokumbuka mfano wa kale ambao tulisomeshwa chuoni nikauona wa kipuuzi. Mwanzoni mwa kitabu cha Plato, Jamhuri, Sokrate anauliza: rafiki yako amekuachia silaha zake umtunzie akiwa na akili timamu. Kisha anarudi akiwa amerukwa na akili, anazitaka. Utampa? Ni mali yake, na uliahidi. Lakini kila mtu pale anakubali kwamba hupaswi kumpa.

Darasani tulibishana juu ya mali na ahadi. Sikuwa nimeona kwamba wale watu wawili wanaweza kuwa mtu mmoja. Mtu anayenunua kisu Jumamosi saa sita mchana, jua linawaka, ana akili timamu. Anayekiomba kisu hicho saa tatu usiku, moyo unadunda masikioni, si yule. Ni rafiki aliyerukwa na akili. Na swali la kuchagua kisu ni hili: utamwekea mtu yule kisu cha namna gani? Mimi nilimwekea kile ambacho kingemfikia haraka iwezekanavyo. Nilikuwa nimeondoa kila kitu kati ya hofu na chuma. Hata nusu sekunde ya kuona noti ya shilingi hamsini nilikuwa nimeiondoa, na nilikuwa nimelipa mia sita iondolewe.

*

Guka wangu alikuwa na kisu huko Murang'a. Kilikuwa Okapi, kile chenye mpini wa mbao na vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi na nyota. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe kwenye makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Miaka mingi baadaye utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kwenye mitaa mingine ya kule Afrika Kusini, kisu hicho kina jina baya. Ni cha majambazi. Kwa guka kilikuwa cha machungwa, kamba za mbuzi, na avokado.

Hasa avokado. Guka alikuwa akipandikiza. Anachukua mche wa avokado la kienyeji, anaukata kichwa, anaupasua katikati. Anachukua kijiti cha Hass, anakichonga pande mbili kiwe kama kabari, anakitia kwenye ule mpasuko, anafunga kwa utepe wa plastiki. Baada ya wiki kadhaa mti mmoja unaota juu ya mwingine. Alikuwa akituonyesha sehemu iliyochongwa: laini kama kioo. Kisu kikiwa butu, alisema, mkato unakuwa na mikwaruzo, na mikwaruzo haishikani. Miti yote miwili inakufa. Jeraha safi ndilo linalopona.

Kwa hiyo alikinoa kila jioni. Kuna methali tunaipenda kuitumia kwa vitisho: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Guka alikuwa na kisu kikali kuliko wote kijijini, na sijawahi kusikia mtu akikiogopa. Ukali wenyewe si tatizo. Kisu butu ni hatari zaidi kwa anayekitumia, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza, na kinaishia kwenye kidole. Kisu kikali kinafanya kile ulichokituma na kuishia hapo.

Tulipofika miaka saba au minane tulianza kumsumbua atuachie tukishike. Hakutupa mkononi. Alikifungua mwenyewe, akakiweka juu ya meza, akasukuma mpini upande wetu, akasema kwa Kikuyu maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Jifunze kwanza kukifunga."

Okapi ina pete ndogo mgongoni mwa mpini. Ukiivuta, loki inanyanyuka, ndipo unarudisha ubapa kwa kiganja, ukisukuma mgongo wake, si makali. Ina mlio wa meno meno. Nilichukua likizo mbili kabla ya kuruhusiwa kukifungua mwenyewe. Wakati ule niliona ni mchezo wa wazee wa kuwachelewesha watoto. Usiku ule barabarani, nikisukuma bamba la chuma kwa kidole kilicholowa, niligundua kwamba nilikuwa nimeanzia mwisho. Nilinunua kitu nilichojua kukifungua tu.

*

Basi kama bado unataka kisu, na kuna sababu nyingi nzuri za kukitaka, nitakuambia ninavyochagua sasa.

Kabla ya kwenda dukani, taja vitu vitatu utakavyokata wiki hii. Kebo, katoni, embe. Gunia, kamba, uzi. Ukikosa vitatu, usinunue kisu. Ukijikuta unataja mtu, hata mtu wa kufikirika anayekuja nyuma yako gizani, rudi nyumbani ulale.

Ukiwa dukani, kifungue, kisha ukishike ubapa na kuutikisa kulia na kushoto. Ukicheza, rudisha. Kikiwa kimefungwa, chungulia kama ubapa umekaa katikati ya mpini au umeegemea upande mmoja. Kisu kilichounganishwa kwa haraka huegemea. Kama kina loki, bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Loki ikiachia kwa shinikizo dogo, kisu hicho kitakukata wewe kabla ya kukata kitu kingine.

Kuhusu chuma, usitishwe na majina. Chuma kigumu zaidi hukaa na makali muda mrefu lakini ni kazi kukinoa. Kilicho laini kidogo hupoteza makali mapema, lakini dakika tano kwenye kinoo kimerudi. Chuma cha kaboni kama cha Okapi ya guka hunoleka vizuri na hushika kutu usipokipangusa. Kisichoshika kutu kimetiwa kromiamu, kwa kawaida kuanzia asilimia 10.5 hivi. Kwa mtu wa mjini anayekata embe na kukisahau kwenye mkoba wenye unyevu, chukua kisichoshika kutu. Urefu wa kidole chako cha kati unatosha kwa kila kitu utakachokikata maishani.

Halafu kifunge. Kifunge polepole, ukitazama kila kidole kiko wapi. Kifunge bila kutazama. Lowesha mikono ukifunge tena. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Kisu kizuri hufungika hata mwenyewe akiwa na haraka, na kukifungua humtaka mikono miwili.

Mimi niliishia na kile kidogo chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alianzisha karakana yake huko mwaka 1884, na mwaka 1891 akapeleka visu vya kwanza kwa jeshi la nchi yake. Kinachonifurahisha ni kazi iliyokusudiwa: mwanajeshi afungue mkebe wa chakula na kufungua skrubu za bunduki yake. Jeshi zima likampa askari kisu, na likawaza juu ya chakula chake cha mchana. Changu hakina loki, kina springi tu ya kukizuia, kwa hiyo najua siwezi kukisukuma mbele kwa nguvu, kitanifungia vidole. Kukifungua lazima nitumie ukucha wa mkono mmoja nikiwa nimekishika kwa mwingine. Kinachukua sekunde tatu hivi. Nimezihesabu. Zinatosha kuona noti.

*

Nilimsomea dada yangu insha hii ilipofika hapo. Yeye ni nesi, na zamu zikimwendea vibaya anafika nyumbani saa nne usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

"Guka alikuwa na shamba na mbwa watatu," akasema. "Mimi nina kichochoro."

Sikuwa na la kusema.

"Wewe ni mwanaume, mrefu, una mkoba mgongoni. Ukisikia viatu nyuma yako, inawezekana ni chenji. Mimi nikisikia viatu, sina hizo sekunde zako tatu za kuhesabu."

Yeye hubeba kitu. Hakuniambia ni nini na sikumuuliza. Nilijaribu kumwambia kwamba kisu kikitoka hakichagui upande, kwamba aliye na nguvu zaidi anaweza kukichukua. Akaniambia analijua hilo, na kwamba analijua kila usiku, si mara moja kama mimi. Mfano wa Sokrate haumtoshi, alisema, kwa sababu mle ndani anayerukwa na akili ni mwenye silaha. Hofu yake yeye si wazimu. Ni hesabu ya mtaa anaouishi.

Sina jibu lake, na nisingependa kujifanya ninalo. Ninachoweza kusema ni kwamba hoja yangu imetoka kwenye mwili wangu, na mwili wangu ndio uliokuwa wa kutisha barabarani usiku ule. Upole ninaouhubiri ni rahisi kwangu kuununua. Kama mji ungekuwa na taa zinazowaka, dada yangu na mimi tungekuwa tunazungumzia visu vya kukatia embe tu.

Lakini kabla hajaondoka aliuliza swali moja, akiwa amesimama mlangoni, anavaa viatu.

"Na kama ningekuwa mimi ndiye nakimbia nyuma yako na hiyo fifty?"

*

Kile kisu cheusi nilikipeleka Kamukunji kwa fundi wa jua kali, nikamwomba akikate vipande. Alinicheka, akasema chuma chenyewe hakifai hata kutengeneza msumari. Alitaka kujua kama ninataka anitengenezee kingine kwa springi ya gari. Nikamwambia asante, ninacho.

Noti niliiokota asubuhi iliyofuata. Ilikuwa bado pale chini ya jiwe, imelowa, imeganda kwenye lami. Watu walikuwa wamepita usiku kucha gizani bila kuiona. Sikuitumia kwa muda mrefu, kisha siku moja sikuwa na nauli nikaitumia, kwa sababu pesa ni pesa.

Yule kijana bado yuko kwenye laini ile. Nimewahi kujaribu kuzungumza naye. Nilishuka stejini nikamsubiri, nikasema, "Buda, ile siku ya mvua..." Akanikatiza. "Hakuna noma, boss. Usijali." Akapanda, akagonga bodi, gari likaondoka. Alikuwa na haki ya kutotaka kuisikia. Nilichokuwa namwomba ni anisaidie tena, baada ya kunisaidia mara ya kwanza.

Nikipanda gari lake siku hizi najitahidi kuwa na nauli kamili. Siku nikikosa, nampa soo, naye ananitazama mara moja tu, anahesabu. Kisha anampa abiria wa mbele chenji yangu, huyo anampa wa nyuma yake, naye ananipa mimi. Kwenye matatu hilo ni jambo la kawaida, kila mtu hupitisha pesa za mwenzake. Lakini wakati mwingine nimekaa kiti cha mlangoni kabisa, magoti yangu yanagusana na yake, na bado noti yangu inaizunguka gari kabla ya kunifikia.

Naipokea. Mkono wangu mwingine nauweka juu ya goti, wazi, mahali anapoweza kuuona.